Pili Mpima Hewa wa Musinzira

Kabla sijasema lolote zuri kuhusu Pili, acha niseme kwamba ziko wiki kadhaa za maisha yangu nilizomchukia huyu mwanamke mpaka nikaacha kuitikia salamu yake, na mimi si mtu wa kunyima salamu. Alitufungia tanuri. Mume wangu Hamissi ni mwokaji mikate, baba yake alikuwa mwokaji, na tanuri letu la matofali limelisha mtaa wa Musinzira tangu Gitega haijaitwa mji mkuu wa Burundi. Halafu akaja mtu na kisanduku cheupe chenye ukubwa wa mkate, akakitundika ukutani kwa jirani, na kisanduku hicho kikatushtaki.

Pili si mtu wa Gitega. Ni wa Muyinga. Vita vilimkuta mchanga, mama yake akavuka naye mpaka wa nchi akiwa mgongoni, akakulia na kusomea Tanzania, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kupita kiasi. Sisi tulikuwa tukimcheka. Hata akikasirika anakasirika kwa ufasaha, na ukigombana naye unatoka hujui kama umetukanwa au umefundishwa. Waliporudi Muyinga alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Mama yake akapata kibanda pale malori yanapopumzika kabla ya kuendelea Tanzania, akawa anawapikia madereva ugali na maharage katika jiko la udongo lisilo na dirisha.

Mama huyo alikohoa miaka sita. Muyinga walisema ni kifua cha baridi, na wengine, kwa sauti ya chini, walisema kuna jirani aliyemfanyia kitu. Alifariki Pili akiwa mwaka wa pili hapa Gitega, anasomea mambo ya usafi na afya. Kwa hiyo komini, ile serikali yetu ya wilaya, ilipotangaza kwamba inatafuta mtu wa kuzunguka na vipima hewa, karatasi ya kwanza kufika ilikuwa yake. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba kuna binti mwembamba wa raba nyeupe, penseli kaichomeka kwenye nywele, anayenunua mikate yetu miwili kila asubuhi na kunywa chai isiyo na sukari kwenye benchi letu kana kwamba sukari imemkosea.

Komini ilipewa visanduku sita. Kimoja kilienda sokoni, kimoja kwenye kituo cha magari, kimoja wakakipeleka mpaka Itaba, mashambani, ili wajue hewa ikiwa nzuri inasoma ngapi. Vingine viligawanywa mitaani, na cha mtaa wetu Pili alikitafutia nyumba yenye umeme usiokatika na nondo za kuzuia wezi. Nyumba kama hiyo Musinzira ni moja tu, nayo inatazamana na tanuri letu: duka la mabati na misumari la Sikinabai.

Sikinabai sisi tunamwita Mama Imtiaz, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni Mhindi wa hapa hapa, babu yake alifungua duka lile, na Kirundi anakijua kuliko mimi. Mumewe Hasham alifariki miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa kifua. Tangu hapo mama huyu hukaa juu, kwenye roshani, karibu na kiti cha Hasham ambacho hakuna mtu anayeruhusiwa kukikalia. Sisi na yeye tuliishi vizuri. Mara moja moja alilalamika kwamba masizi yetu yamechafua mashuka yake, mara moja moja mimi nilimpelekea mkate wa moto kumtuliza, na kila Alhamisi magharibi harufu ya ubani wake ilitushukia barabarani, nami nikasema alhamdulillahi, wiki imekwisha.

Siku Pili alipokuja kutundika kisanduku nilikuwa pale juu, nimepeleka mkate.

"Mama, hapa mnapikia?" aliuliza, daftari mkononi.

"Oya, hapana, binti yangu. Jiko iko nyuma, na tunapikia gazi."

"Jenereta?"

"Iko nyuma ya depo. Na mafuta yenyewe tunatoa wapi siku hizi?"

"Kuna anayevuta sigara?"

"Katika nyumba hii? Astaghafiru!"

Pili akaandika hapana, hapana, hapana. Akapanda kwenye stuli, akakaza skrubu nne, na kisanduku kikakaa juu kidogo ya kiti cha Hasham, kinatazama barabara yetu. Mama Imtiaz alifurahi. Alisema sasa komini itajua anachokivumilia na mashuka yake. Nikacheka naye, maana sikujua.

Wiki tano baadaye, siku ya Alhamisi, Pili alinunua mikate yake miwili asubuhi kama kawaida, na saa nane mchana akarudi na karatasi. Hamissi aliisoma amesimama. Ilisema kwamba mpaka wa moshi kwa siku ni hamsini, na kwamba kila Alhamisi hewa ya mtaa wetu imeupita mpaka huo, wakati siku nyingine haifiki arobaini. Na mtaani ni nani anayefanya kazi mara mbili siku ya Alhamisi? Sisi. Alhamisi tunaoka mikate ya kawaida alfajiri, halafu tunawasha tena mchana kwa ajili ya mikate ya Ijumaa, ya watu watakaotoka msikitini. Komini haikuhitaji kufikiri zaidi ya hapo. Tanuri lifungwe siku thelathini, mpaka mwenyewe aonyeshe atafanya nini na moshi wake.

Hamissi si mtu wa maneno. Alikunja karatasi, akachukua ndoo, akamwagia maji kuni ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimeshika. Unga ulikuwa umekwishakandwa. Nililia mbele ya Pili, tena kwa hasira, na Pili alisimama pale na raba zake nyeupe hadi maji yalipoacha kuchemka, kisha akaondoka bila kusema pole.

Kesho yake nilivaa kanga yangu nzuri nikaenda komini. Ofisi ya mazingira iko mwisho wa ukumbi, na mkubwa wake ni Melania, mama mpole anayependa mambo yaishe bila kelele. Mimi nilikwenda na kelele.

"We Pili," nilisema, "we unajua mikate inaokwaje? Mi nikuambie. Kuni tunachomea ndani ya tanuri. Ikishika vizuri, matofali ikiwa meupe, tunavuta makaa yote nje, tunapanguza na gunia ya maji, njo tunaingiza mikate. Mikate inaiva na joto, hapana moto! Alhamisi saa kumi makaa yote iko nje. Sasa huo moshi ya jioni inatoka wapi?"

"Sikusema jioni, dada. Fomu inataka hesabu ya siku nzima."

"Ndiyo, sasa tazama masaa! Na tena, mbona wachoma matofali kule bondeni hamuwafungie? Mbona malori?"

"Kule bondeni hatujaweka kisanduku bado." Akanitazama machoni. "Kisichopimwa siwezi kukisema."

Sentensi hiyo nilirudi nayo nyumbani, nikamwambia Hamissi, nikawaambia wateja waliokuja kukuta mlango umefungwa, nikaisema hata kwa sauti yake ya Tanzania ili watu wacheke. Kisichopimwa siwezi kukisema. Niliona ndiyo maneno ya mtu asiye na moyo. Miaka ishirini na mbili nimeamka kabla ya adhana kwa ajili ya tanuri lile, na sasa niliamka saa ile ile nikakaa kitandani nasikiliza mtaa usio na harufu ya mkate. Hamissi naye alikuwa macho. Tulikaa hivyo, wawili tuliozeeka pamoja na kazi moja, tukiogopa kwamba siku thelathini zikiisha wateja watakuwa wamekwishazoea mkate wa mwingine.

Alhamisi ya kwanza ya kufungwa ikapita. Ijumaa asubuhi Pili alikuja akaketi kwenye benchi letu. Mkate hakuna, chai hakuna, na mimi nilikuwa nafagia, nikaufagia mguu wake.

"Dada Zawadi," alisema, "jana hamkuwasha kabisa?"

"Shika tanuri."

Aliinuka kweli akaingiza mkono wake mpaka bega. Tanuri lilikuwa baridi, na nadhani ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza uso wake ukikosa pa kujiweka.

"Jana imesoma sitini na nane nukta mbili," akasema. "Ni kubwa kuliko mlipokuwa mnaoka."

Ningeweza kushangilia. Badala yake nikamwuliza kwa nini anakuja kuniambia mimi, maana mwanzoni mwa wiki mkuu wa komini alikuwa amekwishasema redioni kwamba hatua zimechukuliwa Musinzira na wananchi wameanza kuvuta hewa safi. Pili akasema hajui. Akasema labda kwa sababu alisikia maneno yangu kuhusu masaa, akaenda kuyatazama, na ilikuwa kama nilivyosema: mchana mzima namba iko chini, upepo unapeleka moshi wetu bondeni, halafu saa kumi na mbili na robo jioni inaruka, inakaa juu mpaka saa mbili, inashuka.

"Alhamisi ijayo nitakuja kukaa hapa," akasema, "nione kwa macho."

Akaja. Alikaa kuanzia saa saba mchana, mwavuli kaulaza magotini, na mimi sikumpa hata maji mpaka adhana ya alasiri, nilipoona aibu ya kuwa Mwislamu wa namna hiyo nikamletea chai. Tulitazama barabara. Pikipiki zilipita chache, mafuta yalikuwa hayapatikani. Hakuna aliyechoma takataka, hakuna aliyewasha jenereta. Magharibi ikaingia, Hamissi akaenda kuswali, na mimi, kama kila Alhamisi ya maisha yangu, nikavuta pumzi ndefu nikasema alhamdulillahi.

"Kwa nini umesema hivyo?" Pili akauliza.

"Ubani wa Mama Imtiaz," nikamjibu. "Unasikia inanukia vizuri?"

Pili aliinua macho polepole, na mimi nikafuata macho yake. Juu kwenye roshani, chini ya kiti cha Hasham, chetezo kilikuwa kimewekwa, na moshi wake mweupe ulipanda taratibu, ukapita kwenye matundu ya kiti, ukaingia moja kwa moja ndani ya kisanduku cha komini.

Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele, vyote pamoja. Miezi miwili! Pili ni Mwislamu, mama yake alifukiza kila Alhamisi kule Muyinga. Mama Imtiaz aliulizwa kuhusu kila kitu akajibu kweli tupu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na mkate mkononi. Hakuna hata mmoja wetu watatu aliyewaza, kwa kuwa kwetu moshi ni kitu cha kufukuza na ubani ni kitu cha kukaribisha, na hujawahi kusikia mtu akiviweka katika kapu moja. Kisanduku peke yake ndicho kisichojua tofauti.

"Bon," nikasema, furaha imenipanda kichwani. "Sasa twende komini kesho. Waambie mashine imekufa. Imeharibika. Kila mtu ataelewa, mashine zinaharibika kila siku."

"Haijaharibika, dada."

"We Pili! Ukisema mashine imekufa, sisi tunafungua, Mama Imtiaz hapati aibu, na we kazi yako iko salama. Nani anaumia?"

Akanieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Visanduku vilipofika tu, kabla havijatundikwa, alikopa kimoja kwa siku mbili akapanda nacho gari mpaka Muyinga. Dada yake mkubwa sasa ndiye anayepika katika kile kibanda cha mama yao. Pili alikiweka kisanduku kwenye kigoda, pale mama yake alipokuwa akikaa, akamwomba dada yake awashe moto kama kawaida, akasubiri namba.

"Ikasema ngapi?" nikauliza.

"Sitakuambia." Akaikunjua kanga yake akaikunja tena. "Lakini nikisema leo kwamba mashine inadanganya, hata namba ile itakuwa ya uongo. Na dada yangu yuko mle ndani mpaka sasa hivi. Kule nako wataweka visanduku mwakani. Nataka wakimwambia atoke, aamini."

Nilikuwa nimemchukia mtu asiye na moyo, kumbe moyo upo, ila anautembeza na penseli.

Tulipanda juu wote wawili. Mama Imtiaz alitukaribisha, akaleta bajia, akatusikiliza, na uso wake ukabadilika.

"Ubani yangu ni moshi?" akasema. "Ya Hasham? Binti, we umekuja kuniambia mi nachafua mji?"

"Hapana, mama. Nimekuja kusema kwamba mimi nilikitundika vibaya. Naomba Alhamisi moja tu usiwashe, nione namba. Halafu nitakisogeza mwisho wa roshani, mbali na chetezo."

Nilidhani atatufukuza. Tangu azikwe Hasham hakuwahi kuruka Alhamisi hata moja. Alikitazama kile kiti muda mrefu, akaniuliza mimi, siyo Pili: "Tanuri yenu imefungwa juu ya hii, kwa sababu ya ubani yangu?" Nikamwambia ndiyo, Mama Imtiaz. Akafunika chetezo kwa kifuniko chake cha shaba, akasema tule bajia zisipoe.

Alhamisi iliyofuata kisanduku kilisoma thelathini na moja nukta tano. Jumatatu yake Pili alisimama katika mkutano wa komini, mbele ya mkuu, mbele ya Melania, mbele ya machifu wa mitaa, na sisi wa Musinzira tukiwa tumejazana mlangoni. Melania alikuwa amemwomba ofisini, kwa upole wake wote, aandike kwamba kifaa kinafanyiwa matengenezo. Pili akasoma karatasi yake mwenyewe. Alisema tanuri la Hamissi lina moshi, na moshi huo unakwenda bondeni kwa watu ambao hawajapimiwa, kwa hiyo linahitaji bomba la kutolea moshi. Nilinuna, lakini ni kweli. Akasema lakini moshi uliofungisha tanuri haukuwa wa tanuri. Ulikuwa wa ubani, uliowashwa chini ya kisanduku, katika nyumba ambayo hakuitaja.

"Niliuliza kuhusu jiko, jenereta na sigara," akasoma. "Sikuuliza kuhusu ubani, ingawa nimezaliwa nao. Mwenye nyumba hana kosa. Mwokaji hana kosa. Kosa ni langu, na kifaa ni kizima."

Watu walicheka, bila shaka. Mtu akapaza sauti kwamba basi komini ifunge na misikiti. Mkuu wa komini hakucheka, kwa sababu ya maneno yake ya redioni. Lakini karatasi ilikuwa imesomwa hadharani na haikuweza kusomwa kinyumenyume. Siku ya pili tuliruhusiwa kuwasha, kwa sharti la bomba. Mama Imtiaz alileta mabati mwenyewe, akasimama barabarani kuwaelekeza mafundi, na bomba letu sasa linapita paa kwa urefu wa mtu mzima. Hamissi anasema tanuri linavuta vizuri zaidi. Kikohozi chake cha asubuhi, ambacho miaka yote nilikiita kikohozi cha unga, kimepungua. Hilo nalo nililinunia kidogo, kwa kuwa ilibidi nimshukuru Pili.

Mwisho wa mwaka mkataba wake haukuendelezwa. Hakuna aliyemwambia sababu. Melania alimpa barua nzuri sana, na kwa barua hiyo Muyinga walimchukua, maana na wao walikuwa wamepata visanduku vyao na walitaka mtu anayejua kuvitundika. Nilisema anayejua namna ya kutovitundika, akacheka, mara ya kwanza nimwone akicheka na meno yote.

Siku ya kuondoka alikuja kushusha kisanduku cha roshani, kikabidhiwe ofisini. Nilipanda naye, nimembebea mkate wa safari. Mama Imtiaz alikuwa amekaa karibu na kile kiti, mikono mapajani. Alimwacha Pili afungue skrubu tatu. Alipofika ya nne akasema:

"Binti, ngoja kwanza. Mi nataka kukuuliza kitu."

Pili akashuka kwenye stuli.

"Hasham alikuwa mgonjwa miezi minne. Chumba kile pale, madirisha tulifunga, juu ya baridi. Na mi kila siku, hapana Alhamisi tu, kila siku magharibi niliweka chetezo karibu na kitanda. Akikohoa, naongeza. Nilisema baraka imwingie." Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyekwisha kulia peke yake mara nyingi. "Tangu ulipokuja siku ile mi silali. Sasa we unajua hesabu. Niambie. Mashine yako ingesema ngapi?"

Nilimwona Pili akigeuka kukitazama kile chumba. Midomo yake ilicheza kidogo, kama inavyocheza anapopiga hesabu, na nikajua kwamba anaijua. Upana wa chumba, dirisha lililofungwa, chetezo kimoja: alikuwa na namba, au karibu na namba. Nilimjua huyu mtu. Nilijua kwamba hadanganyi, hata kwa tanuri la watu, hata kwa kazi yake mwenyewe, na nilitamani kumziba mdomo kwa mkono.

Akapiga magoti mbele ya yule mama, akamshika mikono yote miwili.

"Mama," akasema, "kisanduku hakikuwepo. Kisichopimwa siwezi kukisema."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Hakuna mtu anayeweza. Hata mimi."

Mama Imtiaz alimtazama muda mrefu. Halafu akaitikia kwa kichwa, mara moja, akavuta pumzi mpaka mabega yakainuka, na alipoitoa nikaona amechoka, uchovu wa mtu atakayelala sasa. Akasema Pili amalizie skrubu yake, gari lisimwache.

Nilimsindikiza kituoni, tukapata Probox ya Muyinga iliyokuwa inangoja abiria wawili, tukakaa ukutani kusubiri. Nilikuwa nalia bila kujificha, na yeye alikuwa mkavu, kakumbatia mkate.

"Pili," nikamwambia, "ile jiko ya mama yako. Niambie mi. Ilisema ngapi?"

Nilifikiri atanijibu vile vile. Alitazama barabara ya Muyinga, akaikaza penseli kwenye nywele.

"Mia nane na kumi na mbili nukta sita," akasema.

Hakuna pole inayotosha namba kama hiyo, na sikuitafuta. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka abiria wa mwisho alipofika na dereva akapiga honi.